Namba niliyobandika mlangoni

Siku ya Mungu (Jumapili), mangaribi

Na ile karatasi niliiandika vizuri! Nikaibandika kwenye mlango wa kliniki yangu hapa Murara: siku ya Mungu, mwenye mnyama mgonjwa apigie mwenzangu, docteur Espérance, kwa namba hii. Halafu nikazima telefone yangu.

Espérance alishinda na mabuti miguuni, akingoja. Hakuna mutu aliyemupigia. Mufugaji wa kule mbali Kibumba atasomea wapi mlango wangu?

Saa kumi nikawasha telefone. Muzee Bahati, mufugaji wa Kibumba, akapiga palepale.

"Docteur, ng'ombe yangu ilishindwa kuzaa tangu asubui. Imekufa na mutoto wake. Telefone yako ilikuwa imefungwa, nikasema uko mu misa, nikangoja."

Tena akaomba pardon kwa kunisumbua.

Sikuwa mu misa. Nilikuwa nimelala.