Kumkumbuka Nyasani Mokua, Aliyeshika Njia ya Turkana

Mwaka mzima umezunguka, Nyasani, tangu siku ile ya mvua tulipokulaza nyuma ya migomba yako hapa Birongo. Bado pikipiki ikikohoa pale kwenye kona, sisi wote tunageuza shingo.

Kabla ya lolote, msomaji ajue hili: kila neno lililo hapa ni kweli tupu, halina chumvi wala bizari. Familia ilimkabidhi kalamu rafiki yako Achola, yule mpishi mstaafu wa shule ya bweni kule Nyamira, kwa sababu ndiye mwenye maneno, na ndiye mliyesafiri naye. Mama Gladys, yaani Phanice, mke wako, anamjua vizuri. Alimtoa nje hadi bandani, akamwambia aweke mkono juu ya tangi la pikipiki yako na aape.

"Si ungeleta Biblia, shemeji?" Achola aliuliza.

"Biblia umeizoea. Weka hapo."

Akaweka, akaapa. Na hakuapishwa kwa mchezo. Jiwe la kaburi lako linachongwa wiki hii, na chini ya jina lako Mama Gladys alitaka maneno machache tu: kwamba uliliona Ziwa Turkana. "Lakini ikiwa ni uongo," alimwambia Achola, "nitakuwa nimeuweka juu ya kifua cha mtu ambaye hakuwahi kunidanganya. Kwa hiyo andika, utusomee wote, halafu nimwite fundi wa mawe."

Ulikuwa fundi wa mashine za kusaga. Kutoka hapa hadi Masimba hakuna mashine ya unga ambayo hukuwahi kuifungua tumbo. Uliigonga kwa spana, ukainamisha kichwa, ukasema, "Huyu ana njaa ya mafuta," au, "Huyu amechoka na mwenyewe." Na kweli, ukiondoka ilikuwa inaunguruma kama imesamehewa.

Chai yako uliinywa imepoa siku zote. Kila ilipomiminwa kulikuwa na mtu langoni ameshika kitu kilichokufa: redio, pampu ya kupulizia dawa, baiskeli ya mtoto wa watu. Hukuweza kula ukijua kuna kitu kibovu kinakungoja. Ila Ijumaa jua likianza kuinama ulifunga sanduku la spana, hata kama injini imebaki wazi kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Wenye mali walinung'unika. "Sabato ikiisha nitaiona," ulisema, ukaenda kuoga.

Na ulikuwa na ziwa lako. Ulipokuwa mvulana mwalimu alichora ramani ya Kenya ubaoni, akaipaka Turkana rangi ya kijani. Wewe ukadhani chaki ya buluu imemwishia. Ulipokuja kusikia kwamba ziwa lenyewe ni la kijani hivyo hivyo, ukasema lazima ulione kwa macho kabla hayajafunga. Ulilisema ukiwa kijana, ukalisema ukiwa baba, ukalisema ukiwa babu. Kisha Achola akastaafu, akakosa wa kumsumbua, akakuita mzee kwa Kikisii chenu: "Omogaka, twende basi."

Mama Gladys alikuwa anapepeta wimbi mlipomtangazia safari. Hakuinua uso.

"Wazee wawili, pikipiki moja, hema la kuazima. Hamfiki."

"Tunafika," Achola akasema.

"Mkifika, nitakukaangia samaki hapa jikoni kwangu kila Jumapili, na unajua vile sipendi harufu yake. Msipofika, shemeji, utanipalilia wimbi. Shamba lote la chini. Peke yako. Umechuchumaa."

"Sasa hiyo si kamari? Na wewe ni Msabato!"

"Kamari ni ya mtu asiyejua matokeo."

Wewe ulicheka hadi ukashika mlango. Ulijua Achola ametoka kwenye jamii ya ziwani, na palizi ya wimbi hajawahi kuiona hata kwa ndoto. Magugu yake yanafanana na wimbi kama mtu na pacha wake, na kazi yenyewe haifanywi umesimama.

Mliondoka mwezi wa Agosti, alfajiri, wewe usukanini. Nyuma yako alikaa Achola, na nyuma ya Achola hema, sufuria, ndizi mbivu, unga, jerikeni la mafuta ya injini, kiti chako cha kukunja na lile sanduku la spana ulilokataa kuliacha. Pale Keroka mtu aliwasimamisha, akadhani lile hema ni godoro, akauliza mnaliuza pesa ngapi. Kericho mvua iliwapiga. Nakuru mlikausha soksi kwenye bomba la moshi, na Achola anasema zake ziliiva.

Ijumaa jioni mlikuwa mnaambaa na Ziwa Baringo. Lami ilikuwa nzuri mbele, nyeupe, haina gari.

"Omogaka, mwanga bado upo," Achola akakupigia kelele sikioni. "Tusukume kidogo."

"Mwanga ni wako, jaduong'," ukamjibu, ukimwita mzee kwa Kijaluo chake. "Jua ni la Bwana."

Ukazima injini. Mkapiga hema kando ya maji, mkala ugali uliopikwa kabla jua halijazama, na hapo ndipo kiboko alipotoka ziwani, akaja polepole kama shemasi aliyechelewa, akakaa kwenye kiti chako. Mama Gladys ameagiza iandikwe "kando ya kiti". Basi, kando ya kiti. Lakini kiti kilirudi Birongo miguu imepinda, na hadi leo hakuna mtu mwingine aliyejitokeza kukiri.

Siku ya Sabato uliimba nyimbo zako zote bila kitabu. Achola ni Mkatoliki, lakini alishika sauti ya nne, na anasema viboko walimsaidia.

Kisha, kwa jinsi Achola alivyoandika mara ya kwanza, safari iliendelea hivi: mkapanda Kabarnet, mkashuka bonde la Kerio, mkapita Kapenguria, mkaingia kwenye mchanga wa Lodwar, ambapo upepo uliinua pikipiki na watu wake ukawavusha mto mkavu bila tairi kugusa chini. Mkafika ziwani. Ukavua viatu, ukaingia hadi magotini, ukachota maji kwa kikombe, ukanywa, ukasema, "Matamu kama ya chemchemi yetu." Ukajaza chupa moja ya Mama Gladys. Chupa hiyo imekaa kwenye kabati la vyombo tangu mrudi, na Achola amekula samaki Jumapili baada ya Jumapili, hata wewe ulipokwisha kwenda.

Lakini wewe mwenyewe hukusema kitu. Wageni wakikuuliza ziwa lilikuwaje, ulichukua kikombe chako cha chai iliyopoa, ukatazama ndani yake, ukasema, "Muulize Achola." Tulidhani ni unyenyekevu.

Jumapili iliyopita Achola alitusomea hayo sebuleni, kwa sauti ya mtu anayetangaza mazishi ya chifu. Gladys, binti yako mkubwa, alikuwa anamenya ndizi. Tangu Januari anafundisha kule Turkana, habari ambayo Achola alikuwa ameambiwa, ila aliambiwa samaki akiwa mezani, na haikumwingia.

"Rudia hapo, baba mdogo," Gladys akasema.

"Pa upepo?"

"Pa kunywa."

"'Matamu kama ya chemchemi yetu.'"

"Matamu?"

"Sana, mwanangu. Baba yako aliongeza kikombe cha pili."

Gladys akaweka kisu chini. "Mimi huwa nafika lile ziwa. Maji yake yana magadi. Ukipiga funda moja, uso unajikunja wenyewe."

"Labda siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha."

"Turkana? Agosti?"

Ogari, kitinda mimba wako, alikuwa ameshaanza kucheka kwenye mto wa kiti. Gladys akaenda kabatini, akafungua ile chupa, akachovya kidole, akaweka ulimini. Akampa mama yake. Mama Gladys akaonja, macho kayafumba, vile anavyoonja uji.

"Haya ni maji ya kupikia ugali," akasema. Kisha akamgeukia Achola. "Miaka hii yote nimemuuliza Achola. Leo nimeyauliza maji. Samaki wangu wako wapi, shemeji?"

Achola alitazama mlango. Ndugu yako Masese alikuwa ameketi hapo, na Masese ni mpana.

Basi, haya ndiyo yaliyotokea, na haya Achola hakuhitaji tangi la kuapia. Pale Baringo, mkiwa bado kwenye Sabato yenu, wanawake walipita na mahindi mgongoni. Wakapita tena kurudi, na mahindi yale yale. Uliuliza. Mashine ya kusaga ya kituo kile ilikuwa imekufa, na nyingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima. Jua lilipozama Jumamosi ulikuwa umeshalishika sanduku.

"Omogaka," Achola akakwambia, "tuna safari."

"Nataka kuisikiliza tu."

Uliisikiliza, ukaifungua tumbo, na hadi katikati ya wiki ulikuwa umelala chini yake, miguu tu nje. Mkanda uliokatika uliushona kwa waya. Njaa yake ya mafuta uliimaliza kwa jerikeni lote mlilobeba la kwenda Turkana na kurudi. Ilipounguruma, watoto walikimbilia mlangoni, na wewe ukatoka umepakwa unga na grisi, umefanana na kitu cha kukaangwa. Mafuta ya akiba ya kushuka Kerio hayakuwepo tena, na siku za kuazima hema zilikuwa zimeisha.

Achola alikaa chini kabisa. "Sasa mimi nitalimishwa wimbi! Nitamwambia nini Phanice?"

"Wewe ndiye mwenye maneno," ukamjibu. "Mimi nitanyamaza. Lakini jaduong', sitakuunga mkono hata kwa kichwa."

Chupa uliijaza mwenyewe palepale Baringo. "Hii ya Phanice," ulisema. "Maji ya safari." Neno kwamba ni ya Turkana lilitoka kwenye mdomo wa Achola, mlipokuwa mnateremka pikipiki hapa uani.

Hata Ogari aliacha kucheka. Mama Gladys aliishika ile chupa mapajani kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hakuliona."

"Hakuliona, shemeji."

"Na alivyolitaka." Akaigeuza chupa. "Alirudi akiwa na huzuni?"

Achola, ambaye angeweza kusema lolote, alisema hili: "Aliimba hadi Nakuru. Mimi ndiye niliyekuwa na huzuni, na alinizomea. Aliniambia ziwa halina miguu, litangoja, lakini mtu mwenye mahindi mgongoni hangoji."

Ndipo Mama Gladys alipoanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikamfikisha kwenye machozi, kikatuvuta wote, Gladys akiwa ameegemea kabati, Masese akipiga goti lake. "Ni yeye," alikuwa anasema. "Ni yeye kabisa! Kunywa chai hakuweza, angewezaje kufika Turkana!"

Akamwita fundi wa mawe siku hiyo hiyo. Jiwe lako sasa linasema: NYASANI MOKUA, FUNDI. ALISIMAMA NJIANI. Hakuna uongo juu ya kifua chako.

Maneno haya ya mwisho yanaandikwa kwenye ukingo wa shamba la chini, wakati wa mapumziko ambayo Achola ameyaomba mara nyingi na kupewa mara moja. Mvua imefanya kazi yake, wimbi limechipua, magugu pia. Mgongo wa Achola unalia kama mlango wa zamani. Mama Gladys ameketi kwenye kiti chako chenye miguu iliyopinda, ana kikombe cha chai, anasimamia.

"Shemeji, hilo ulilong'oa ni wimbi."

"Na hili?"

"Hilo pia. Uliloliacha ndilo gugu."

Samaki wamesimamishwa hadi mstari wa mwisho uishe. Ogari ametengeneza kibao cha "Mtaalamu Kazini", akakichomeka nyuma ya Achola. Na mwenye shamba, kikombe mkononi, ameuliza swali ambalo hatukulitarajia kwa mtu ambaye hajawahi kupanda pikipiki kupita Masimba: je, kile kiti cha nyuma kinaweza kumbeba mama wa umri wake hadi Turkana, akayamwage yale maji ya chupa kwenye ziwa lenyewe, yamalizie safari? Wote tuligeuka upande wa migomba, kwa mazoea, tukingoja ujibu. Kisha tukasema kwa sauti moja: "Muulize Achola."

Achola, akiwa amechuchumaa, amesema kinaweza. Safari hii tutaonja maji kwanza.

Wanaokukumbuka ni Phanice wako, Mama Gladys. Watoto wako Gladys na Ogari. Ndugu yako Masese na nyumba yake yote. Wajukuu wanaopigania honi ya pikipiki. Wenye mashine za kusaga wa Birongo hadi Masimba, wanaosema hakuna anayezisikiliza siku hizi. Na Achola, mwenye udongo kwenye kucha.

Pikipiki tumeitia mafuta, Omogaka, na chai yako huwa tunaimimina bado. Inapoa hapo mezani, na hakuna anayeiondoa. Kukusahau ni kazi ambayo hakuna fundi wake katika nyumba hii.