Sauti ya Pili ya Wimbo wa Babu Yako

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako sasa anafanya kazi Mtumba, na mjomba wako kule Bahi kavuna mpunga wa kutosha.

Unasema chuoni mnasoma maisha ya watunzi wa muziki, nawe unataka kuwapelekea wimbo wa babu yako.

Jumamosi babu yako alipuliza saksafoni katika bendi ya jazi pale Kizota, Jumapili akatufundisha kwaya. Muziki wa Jumamosi ulimfuata hadi kanisani. Padri alinung'unika kwamba besi zake zinacheza dansi, huku mguu wake mwenyewe ukigonga sakafu.

Nota za wimbo huo babu yako aliziandika ubaoni, sauti zote nne. Kila mmoja wetu alinakili sauti yake tu, kisha ubao ukafutwa. Tulikuwa wengi, nani angewaza kwamba nitabaki peke yangu?

Kwa hiyo ninayo sauti ya pili tu, nimekunakilia kwenye karatasi iliyomo humu. Ya kwanza nikijaribu kuiimba, najikuta nimerudi kwenye yangu.

Katikati utaona mapigo manne matupu. Usidhani nimesahau. Hapo kwaya nzima ilinyamaza, babu yako akaingia na besi peke yake, akinitazama. Hadi leo nikiimba jikoni, nikifika hapo nanyamaza na kuhesabu hadi nne.

Sauti zilizopotea zitunge wewe, mama, maana kipaji chake unacho. Ila hayo mapigo manne niachie.

Bibi yako