Gurudumu la Bi Mwanahawa na mashine zangu mbili

Jumamosi, Kibiti. Mawingu mazito, mvua haishuki, nami situlii.

Inatangazwa rasmi kwa wasomaji wangu wanne, mke wangu akiwemo: juzi meza ya maabara ya shule ilihama hatua nzima bila kusukumwa na mtu. Mwalimu wa fizikia, yaani mimi, ni mzima. Heshima yake, tutaona.

Nimekaa na kusimama mara tatu. Chai imepoa.

Jambo lenyewe ni kirushio: koili ya waya inayotupa msumari kwa nguvu ya sumaku. Kinataka umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo unazungusha gurudumu zito likusanye nguvu, kisha mashine inaimwaga yote kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nalinganisha mashine mbili. Ya kwanza ni alterneta ya lori, ile mashine ya kufua umeme, mtumba. Tangu biashara ya nje ifunguliwe zimejaa sokoni kama nyanya. Waya wake umezungushwa kwenye chuma, na chuma huuchelewesha umeme. Msumari ulianguka dawati la pili. Ya pili niliisuka mwenyewe, haina chuma ndani, haina subira. Hiyo ndiyo niliyoipenda.

Gurudumu niliazima kule Umwe kwa Bi Mwanahawa, fundi cherehani: lile kubwa la chini ya cherehani yake, la pedali. Nilisema siku mbili. Wiki ya pili akanikuta sokoni.

"Mwalimu, gurudumu langu limefaulu au linarudia darasa?"

Nilicheka. Yeye kidogo tu. Shule zinafunguliwa, na sare za watoto zimelala mezani kwake.

Jana nilimrudishia, lina ufa. Nikamwambia ufa ni wa zamani, sisi tumeuona tu. Akaupitishia kidole.

"Haya, Mwalimu. Wewe ndiye msomi."

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Umeme ukitoka kwa mpigo, gurudumu hupigwa breki, na kadiri mpigo ulivyo wa haraka ndivyo breki ilivyo kali. Najua, naifundisha. Mashine ya kwanza niliifunga mezani kwa bolti nne. Ya pili, mbili, kwa sababu walimu wenzangu walishafika kutazama, nikaona haya kuhangaika na spana mbele yao. Msumari ulitoboa ubao. Wakapiga makofi. Meza ikaruka, gurudumu likashukia kwenye saruji.

Mke wangu amenipa la cherehani yake bila kuuliza swali, na hilo linanitisha zaidi. Nimelifunga kwenye baiskeli.

Lako lilikuwa zima, Bi Mwanahawa. Nakuja kukuambia, kabla mvua haijanipa kisingizio.