Birika la Tajiri Kwenye Taka Zetu

Basi mdogo wangu, yule bwana afya karudi. Eti sisi wakuja tumejaza taka uchochoroni, nyumba yetu ifungwe. Sisi! Mimi ninayefagia mpaka majirani wananiita Mama Ufagio! Nikaenda kulichokoachokoa jaa. Nakuta nini? Birika la bluu, halina mkono. Nalijua, niliuvunja mwenyewe nikiliosha kwa tajiri yangu kule juu, kwa hao wanaoziba pua wakitupita. Nikamwonyesha bwana afya. Akacheka: "Bibi, mabirika yote yanafanana." Huyu katumwa, nakwambia. Magoti hayajambo, usiulize. Haya, ananiita mlangoni, nitie dole gumba kwenye karatasi yake. Mkwe wangu, acha kuandika, twende. Utanisomea kila neno kwanza, la sivyo dole silitoi.