Usije na Ken

Kisumu Ndogo,
Kibera, Nairobi.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Syombua,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile koo limepona. Mvua imeonekana huko Mutomo, hata kwa mbali? Wanafunzi wako bado wanakuita Mwalimu Twiga? Na baba yako, Mjomba Kavoi, goti lake linamwacha alale? Sisi huku tuko salama. Nasema salama ya mwili, ya moyo nitakueleza.

Kwanza nikupe mazuri, kwa sababu najua utaruka mistari kuyatafuta. Ndoa ni tamu, Syombua. Watu walinitisha bure. Osewe ametuchomea kitanda cha chuma kwa mikono yake, na upande wa kichwani ameweka mioyo miwili iliyoshikana. Kitanda kimejaa chumba kizima, hivi kwamba tukitaka kufungua mlango lazima mmoja wetu apande juu yake, na mimi huwa napanda nikicheka. Asubuhi huniletea maji kabla sijaamka, kisha hukaa kunitazama kama mtu anayengoja mandazi yaive. Jirani yetu Mercyline anasema tutachoka. Nimemwambia atuachie sisi kazi ya kuchoka.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu. Mjomba Mulwa anaondoka Kawangware Jumanne kuja huko kununua ndengu, na ndiye atakayekupa barua hii mkononi. Ningekupigia simu, lakini nikipiga unapanda kile kilima cha mtandao pamoja na nusu ya kijiji, na jambo hili siwezi kulisema kwa kelele.

Alhamisi nilikuwa nanunua vidagaa vya omena hapa chini. Ken akatokea, yule rafiki ya Osewe aliyetusimamia harusi, mwenye kamera. Unamjua vizuri, mlicheza naye mpaka viatu vyako vikakatika. Akaniambia, "Shemeji, Disemba niachie Syombua. Nitamtoa Kitui mwenyewe, nimfikishe kisiwani bila jasho. Tushaongea, amekubali." Akacheka, akaenda zake. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka omena nimeziacha mezani kwa mama wa watu.

Dada, ni kweli umekubali? Kama ni kweli, soma yanayofuata polepole, na uyasome yote.

Unajua kwamba mwezi wa nane Osewe alinipeleka kwao kisiwani Mfangano kwa mara ya kwanza. Nilikuambia tulifika na tukapokewa vizuri. Sikukuambia tulivyofika, kwa sababu kila nikijaribu kulisimulia naachia katikati.

Ken ndiye aliyepanga msafara. Alisema bibi arusi hawezi kuingia ukweni kimyakimya kama mwizi, lazima aende na watu. Akakusanya vijana wa hapa Kisumu Ndogo. Vijana hawa wanajiita watu wa ziwa, Syombua. Wanakuambia ziwa liko kwenye damu yao. Wengi wamezaliwa hapa hapa Kibera na ziwa wamelijulia kwenye sufuria. Mimi mtoto wa Kitui ningejuaje? Niliwaona wanavyojigamba nikafikiri niko mikononi mwa wataalamu.

Mama mkwe wangu, Mama Nereah, alikuwa ametuonya kwa simu. Tulale Mbita, tuvuke asubuhi, maana alasiri upepo hubadilika na ziwa haliko vile mlivyoliacha. Hata mwenye boti alitutafutia, mzee mmoja mwenye boti ya kijani. Tulipofika ufukoni asubuhi nikaiona, imepakwa rangi vizuri, na jaketi za kuelea zimeanikwa kwenye kamba kama nguo za watoto, za kututosha sote. Moyo wangu ulitulia. Amondi, dada mdogo wa Osewe aliyekuwa ametoka nasi Nairobi akishikilia keki magotini safari nzima, alinishika mkono akaniambia, "Shem, leo utakunywa chai ya mama."

Sasa sikiliza upumbavu ulivyoingia. Pembeni kulikuwa na akina mama wanaoga na kufua, kama wanavyofanya kila siku mahali pao. Ken akatoa kamera akaanza kuwachukua video. Mmoja akajifunika, mwingine akapiga kelele. Mzee wa boti ya kijani akashuka mbio.

"Futa hiyo."

"Buda, tulia. Ni ya kumbukumbu tu," Ken akasema.

"Mke wangu si kumbukumbu yako. Futa, halafu mtafute boti nyingine."

Osewe aliomba msamaha kwa niaba yetu sote, kwa Kiluo na kwa Kiswahili, mpaka akakaribia kupiga magoti. Ken akabonyeza bonyeza kamera akasema ameshafuta. Mzee alimtazama tu, kisha akaanua jaketi zake moja moja akaziingiza ndani. Kila mwenye boti tuliyemwendea baada ya hapo alikuwa na safari nyingine. Ufuo mzima ulikuwa umeshasikia. Tukazunguka hapo mpaka jua likavuka kichwa, na vijana wetu wakaanza kunywa.

Alasiri Ken akarudi na ushindi wake, boti iliyochubuka rangi, na kijana wa kuiendesha ambaye macho yake sikuyapenda. Ndani mlikuwa na kopo la mafuta lililokatwa. Nikamwuliza yule kijana la nini. Akaniambia, "La maji yanayoingia," kama vile nimemwuliza kijiko ni cha nini. Jaketi zilikuwa mbili, tena moja imechanika, na walikuwa wamezikalia kama mito.

Nilisema siingii. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini nilisema. Nilihisi haya, Syombua, wewe fikiria bibi arusi, anaonekana mwenye maringo, na mama mkwe yuko ng'ambo anangoja na watu wake. Wote walikuwa wameshapanda. Ken akapiga kofi ubavuni mwa boti.

"Osewe, umeoa ama umeolewa?"

Wakacheka wote. Osewe alikuwa tayari na mguu mmoja ndani. Nilimtazama mgongoni, na ule muda aliosimama pale ndio niliouogopa kuliko maji yenyewe. Kisha akautoa mguu.

"Nimeoa mtu asiyejua kuogelea," akasema. "Na wewe hujui, Ken. Hapa hakuna anayejua."

Hapo nilimpenda upya. Nilimpenda hadi kifua kikauma. Akamwita Amondi ashuke. Amondi akakataa, akasema mama amengoja tangu asubuhi, angalau keki ifike. Nadhani pia hakutaka Ken amwone mwoga. Ken alikuwa amemchekesha safari nzima, na msichana wa umri ule akichekeshwa na mwanaume mwenye kamera hujiona yuko kwenye filamu. Wewe unajua ninachosema.

Osewe alipoona hashuki, alichukua ile jaketi nzima akamvika mwenyewe. Akafunga kamba zake kifuani mafundo mawili, akazivuta kuzijaribu. Wakaondoka wakiimba.

Upepo ulikuja kama Mama Nereah alivyosema. Maji yaliacha ubuluu yakawa rangi ya bati kuukuu. Tuliiona boti ikipanda na kushuka, ikipotea na kurudi. Halafu ikapotea na haikurudi. Osewe akasema, "Iko nyuma ya wimbi." Akasema tena, "Iko nyuma ya wimbi." Mara ya tatu hakumaliza, alikimbia kwa yule mzee wa boti ya kijani.

Mzee alikuwa anakula. Akauliza, "Wale wa kamera?"

"Ndio, mzee. Dada yangu yumo."

Aliacha ugali sahanini, akatoka akitutukana, akasukuma boti akitutukana, akawasha injini angali anatutukana. Osewe alitaka kuruka ndani, mzee akamsukuma nje. "Wewe utakuwa mzigo mwingine wa kuokoa."

Nilibaki na simu. Ikalia. Ilikuwa Mama Nereah, anauliza mbona haoni boti. Nikamwambia mimi na Osewe tuko ufukoni Mbita, hatukupanda. Akamshukuru Mungu. Kisha akauliza, "Na Amondi?"

Siku hiyo mtandao ulikuwa safi kabisa, Syombua. Hakuna mkwaruzo wa kusingizia. Nilinyamaza, naye akasikia kunyamaza kwangu, na sauti iliyotoka kwake sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Waliletwa wote wakiwa hai. Andika hilo moyoni usije ukazimia huko kabla ya kumaliza. Boti ilikuwa imepinduka, wakaning'inia ubavuni mwake mpaka mzee akafika. Amondi alibebwa. Midomo yake ilikuwa kama jivu, na vidole vimejikunja, havinyooki. Mzee alisema ilibidi avibandue kwenye mbao kimoja kimoja.

Alikuwa na blauzi yake tu.

Ken alishuka kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amevaa jaketi, na kifuani kamba zimefungwa kwa fundo lingine, la haraka. Osewe aliitazama ile jaketi. Mimi nilimtazama Osewe. Ken akatazama chini akaanza kuivua, lakini mikono yake ilikuwa na baridi, ikamchukua muda mrefu.

Amondi alitueleza baadaye, tulipokuwa tumeshavuka asubuhi ya pili yake, naye amepata nguvu ya kuongea. Mawimbi yalipoanza kuingia, kabla hata boti haijapinduka, Ken ndiye aliyezifungua zile kamba. Alimwambia, "Nipe, mimi ni mzito, wewe utaelea."

Osewe alimfuata hapa Kisumu Ndogo kumwuliza. Nilikwenda naye kwa kuogopa watapigana. Ken hakukana. Alisema, "Boss, majini hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu alijiokoa. Ata wewe ungefanya vile." Tangu siku hiyo hawasalimiani. Lakini kwa watu wengine Ken anasimulia kwamba yeye ndiye aliyemshikilia Amondi asizame. Na ile video ya akina mama hakuifuta, kamera yake ilikuwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Mercyline ameonyeshwa juzi.

Nilimwuliza Osewe tukiwa peke yetu kama ni kweli, kama na yeye angefanya vile. Akasema, "Sijui, Wanza. Ndiyo maana sikutaka tuwe mahali pa kujulia." Wengine wangetaka mume aape. Mimi nililala kifuani pake nikaona nimeolewa na mtu mkweli, na bado nikaogopa.

Naogopa hata sasa. Amondi anakaa nasi, hulala upande wa ukutani na mimi katikati. Akioga hujimwagia maji kwa kikombe, macho wazi. Nikiinamia karai la nguo naona ile rangi ya bati. Na sasa ninakuona wewe, umeketi kwenye boti kando ya Ken, anakuchekesha, jaketi zikiwa mbili.

Najua Ken anapendeza. Anajua kuongea na mtu mpaka ajione wa pekee. Sikukatazi kucheka. Lakini mtu wa kusafiri naye, dada yangu, mwangalie anavyowatendea wenye mahali pao, na mwangalie anavyomtendea aliye mdogo kuliko yeye. Hayo mawili nimeyaona kwa Ken kwa siku moja.

Nakuhitaji Disemba. Wakwe wamesema hawataniona nimefika kikamilifu mpaka watu wa kwetu waje waone nilipo, na wewe ndiye wa kutangulia mbele. Njoo na Mjomba Mulwa katika safari yake ya Disemba, akiwa anarudi Nairobi na mzigo. Mlale kwake Kawangware, tuje tuwachukue. Tutalala Mbita, tuvuke asubuhi na mzee wa boti ya kijani. Osewe alirudi kumwona, akamwomba msamaha yeye na mkewe, na mzee ametukubali, ila amesema kamera zibaki mifukoni. Upepo ukiwa mbaya tutalala tena. Tukikosa kufika siku ile, tutafika nyingine. Mama Nereah mwenyewe amesema afadhali chakula kipoe.

Nisalimie Mjomba Kavoi, mwambie akande goti na asijifanye kijana. Nisalimie mdogo wako Mwanzia, na nyanya yetu niliyepewa jina lake. Osewe anakusalimu sana, anasema atakuchomea kiti cha chuma cha kukaa shuleni. Amondi naye amenituma nikuambie hajakusahau.

Mungu wetu akufunike ukiwa njiani na ukiwa umetulia, akupe wenzi wa safari ambao hata ukisinzia watakuwa macho kwa ajili yako.

Nipe jibu kwa mdomo wa Mjomba Mulwa. Neno moja linatosha. Siku atakayorudi nitakuwa Kawangware akishusha ndengu, nami nitamwuliza kabla gunia la kwanza halijagusa chini. Na kama jibu lako ni Ken, mwambie mjomba anivute pembeni kwanza, kwa sababu Amondi atakuwa amesimama nami.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Wanza