Mskoti Asiyemwelewa Mskoti

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijavunja nyumba yangu kwa mikono yangu, na kilichonifikisha hapa si mwanamke wa nje wala si pombe, ni kazi yangu ya kufundisha Kiingereza.

Wanafunzi wangu ni wahudumu wa simu, wanaongea na wateja wa mbali kutwa nzima, na shida yao si kusema, ni kusikia, kwa sababu walizoea Kiingereza cha mwalimu mmoja, mteja akija na lafudhi nyingine wanabaki samahani, samahani, kama kasuku. Basi nawawekea sauti za wenye lugha, neno moja tu, water, yaani maji, wasikie Mmarekani anavyoilainisha t ya katikati, wa mitaa ya London anavyoimeza, na Mskoti anavyoikwaruza r ya mwisho, wanaweka alama kwenye karatasi, tunarudia mpaka masikio yafunguke.

Sasa mume wangu ni fundi wa majokofu, na kabla hatujaoana alikaa Uskoti miaka sita, ndivyo alivyotuambia, na baba yangu alimpendea hilo, na mtaa mzima unamwita Mskoti mpaka leo. Mwezi uliopita nilikuwa sebuleni naandaa somo, nikamwita kwa furaha, "Baba Watoto, njoo usikie watu wako!" nikaweka sauti ya mzee Mskoti anaelekeza njia ya posta. Mume wangu akasikiliza, akajikuna shingo, akasema, "Huyu Mjerumani, eh?" Nikacheka nikidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani hata chembe.

Tangu siku hiyo wasiwasi umenikaa kama kupe. Nilimtega, sikufichi, nikachanganya sauti tano na kumwekea kila siku akinywa chai, Mskoti hakumtambua hata mara moja, nikamuuliza mtaa aliokaa akataja mmoja na wiki iliyofuata akataja mwingine, nikaomba picha akasema ziliharibika kwa maji. Ningenyamaza, Shangazi, uongo wa ujana nani hana, lakini binti yetu mkubwa, wa miaka kumi na minane, amepata nafasi ya kusomea uuguzi huko huko Uskoti, anaondoka baada ya wiki tatu, na baba yake amekataa bweni la chuo, anasema mtoto atafikia kwa rafiki yake wa zamani, Mskoti mwenye nyumba kubwa.

Nikasema nataka kuongea na huyo mwenyeji. Akaahirisha mara mbili, halafu Jumamosi mchana akapiga mwenyewe na kunipa simu. Sauti ikanihakikishia kwa Kiingereza kwamba binti yangu ni binti yake, na r alizikwaruza kweli, alikuwa amefanya mazoezi, lakini kila neno alilifunga kwa irabu kama tufanyavyo sisi, hausi, rumu, gudi, na kadiri alivyoendelea nikamjua: ni fundi mwenzake mume wangu pale karakana, aliyekuwa mpambe wake siku ya harusi yetu! Nikamshukuru kwa adabu, nikarudisha simu. Mume wangu akaniuliza, "Umeridhika?" Nikajibu, "Nimesikia."

Sasa mtoto wangu anapelekwa kwa nani? Nikisema, namuaibisha mume wangu mbele ya baba yangu na mtaa mzima. Nikinyamaza, mtoto anapanda ndege. Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Masikio

*

Mwalimu, pole sana. Sasa vumilia nikuchape kidogo.

Kila siku ulimwekea mumeo mitego kama panya wa ghalani, na mitego yenyewe haikuwa na maana. Kuna watu wamekaa ugenini miaka kumi wakiosha vyombo na wahamiaji wenzao, lafudhi ya wenyeji hawaijui. Kwa hilo peke yake ningekwambia umwombe radhi. Lakini Jumamosi ulipata ushahidi wa kweli, umemshika mtu kwenye waya akijifanya mtu mwingine, ukafanya nini? Ukashukuru! Adabu gani hiyo, mama?

Nahisi, na naweza kukosea, kwamba mumeo alidanganya akiwa kijana ili apewe mke, uongo ukakua ukampita kimo, na binti kupata nafasi huko huko kumembana ukutani. Mtu wa hivyo namhurumia. Ila huruma yangu inaishia mlangoni pa chumba atakacholala mtoto. Kama mwenyeji hayupo, binti angeshuka kwenye ndege apokewe na nani? Ama baba hana jibu, ama analo na hataki ulijue. Sijui lipi baya zaidi, na wewe usisubiri kujua.

Leo hii binti aandikie chuo aombe bweni. Ni mtu mzima, nafasi ni yake, na mwambie wazi kwamba yule mwenyeji hayupo. Ya ujana wa baba yake usimwambie. Hayo atayasema mwenyewe akipata ujasiri.

Kisha kaa na mumeo, ninyi wawili tu, bila kinasa sauti wala vicheko. Mwambie: "Yule alikuwa mpambe wako. Mtoto alikuwa alale wapi?" Halafu funga mdomo. Usimsaidie kujibu, ninyi walimu mna tabia hiyo. Akikiri, msikilize mpaka mwisho, na ile miaka sita mtaizungumza mtoto akishapata kitanda. Akiapa, akifoka, au akichukua simu kumpigia "Mskoti" tena, mchukue kaka yako mwende karakana, mumuulize yule fundi uso kwa uso alitumwa kusema nini na kwa nini.

Aibu mbele ya baba yako itasubiri. Mzee hasafiri, anayesafiri ni mjukuu wake.

Barua ya bweni ikifika, isomeni wote watatu mezani, jina la binti na namba ya chumba. Isipofika, hakuna ndege.