Kipande cha Mama

Alhamisi, 8 Mei

Kidato cha Nne, vipindi viwili mfululizo. Mgawanyiko wa seli tena. Nimechora duara lilelile ubaoni. Kromosomu zinajipanga katikati, nyuzi zinazivuta huku na huku, ukuta unajengwa, seli moja inakuwa mbili. Wanafunzi wananakili kama wanaandika oda ya chipsi. Darubini mbili kwa darasa zima, moja kioo kimepasuka. Sauti imekauka.

Kesho sipo shule. Nampeleka Mama akakatwe kipande cha lile jipu la kwenye titi. Yeye analiita jipu. Mimi siliiti kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua kuanzia Kimara mpaka hospitali. Daktari kijana, mpole. Ganzi, kisu, nyuzi. Kipande chenyewe kama punje ya harage. Mama alinibana mkono hadi kucha zikaacha alama. Tulipotoka akasema hatakatwa tena maishani mwake. Mama akisema amesema.

Hospitali ile haina mtu wa kupima nyama. Ndugu wa mgonjwa ndio wanaobeba wenyewe kupeleka maabara mjini. Nimepewa kipande ndani ya chupa yenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, jina la Mama kwenye plasta. Nikafika maabara, pamefungwa hadi Jumatatu. Nimerudi na mama yangu ndani ya mkoba, pamoja na madaftari ya kusahihisha na nyanya. Chupa nimeiweka juu ya kabati la vyombo.

Nimechoka mpaka kope.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Mkubwa kafika kutoka Lindi kumuuguza mdogo wake. Kaja na korosho, makopa na maneno. Nimefurahi. Kwa muda. Sufuria zote zimeshahamishwa na chumvi siioni.

Lakini Mama kacheka leo.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi nilikwenda shule kuweka vitunguu juu ya glasi za maji viote mizizi, maana Alhamisi tuna praktikali. Nimerudi alasiri. Chupa ya Mama iko kwenye kichanja, imeoshwa kwa sabuni, inameta. Mama Mkubwa anasema itafaa kuwekea pilipili.

Kipande kakizika.

Ndiye aliyezika makondo ya watoto wote wa ukoo wetu, langu likiwemo. Hospitali ikikupa nyama ya mtu ndani ya chombo, ni ya kuzikwa, kwake hilo halina mjadala. Kaimwaga ile dawa chooni, kakiosha kipande, kakifunga kitambaa cheupe, kakisomea, kakifukia. Na lilipozikwa kondo hapasemwi, asije mwenye husuda akapajua. Nimemuuliza kwa upole. Nimemuuliza kwa ukali. Hasemi. Nimezunguka uwanja mzima nikitazama udongo, mvua imesawazisha kila kitu.

Bila kile kipande hakuna majibu, na bila majibu daktari hawezi kuanza chochote. Itabidi akatwe upya. Nilipomwambia Mama, alisema hakatwi, akageukia ukutani.

Nina hasira. Na Mama Mkubwa, na maabara inayofunga mapema, na mimi niliyeacha chupa juu ya kabati bila kumwambia mtu ni ya nini.

Jumatatu, 12 Mei

Sikwenda kazini. Mkuu wa shule kanuna kwenye simu.

Nimejaribu kumwelewesha Mama Mkubwa. Kondo limeshamaliza kazi yake, hiki bado. Ile dawa ilizishika seli za Mama palepale zilipokuwa, mtaalamu azitazame kama zinagawanyika kwa utaratibu au ovyo. Alinisikiliza huku anapepeta mchele. Akasema, "Mwanangu, kilichozikwa hakifukuliwi."

Nikamjibu, "Basi jiandae, Mama Mkubwa. Safari ijayo tutamzika mzima."

Sijawahi kumsemesha mtu mzima hivyo. Ungo ukatulia. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi, kasikia.

Mama Mkubwa akainuka, akachukua jembe, akaenda nyuma ya tangi la maji. Sikuthubutu kumfuata. Alirudi na kitambaa chenye tope kwenye kiganja, akanipa bila kunitazama. Nilipanda bodaboda hadi maabara nikiwa nimekishika kama yai.

Mpokeaji aliguna. Nilimsimulia yote, hakucheka. Kasema kilikaa kwenye dawa tangu Ijumaa, huenda seli zilishashikwa na dawa kabla ya kuingia udongoni. Huenda. Hatuahidi kitu, mwalimu. Majibu baada ya wiki mbili.

Sijamwomba radhi Mama Mkubwa. Nguvu sina.

Jumatano, 14 Mei

 Mama Mkubwa anapakua chakula, ananisogezea, anaondoka. Chakula kitamu, na hilo linaniudhi zaidi.

Alhamisi, 15 Mei

Praktikali. Vitunguu viwili vimeoza, vingine vimeota vizuri. Tumekata ncha za mizizi, tukatia asidi, tukatia rangi, tukazibonyeza chini ya kioo kwa kidole gumba. Kugombania darubini, kama kawaida. Mmoja kavunja kioo.

Neema, yule asiyesemaga darasani, alichungulia muda mrefu. Halafu akauliza, "Madamu, si zimeshakufa hizi? Sasa tunajuaje zilikuwa zinagawanyika?"

Nikasema kwa sababu zilikufa zikiwa kazini. Dawa haikuzipa nafasi ya kumaliza. Kisha nikakaa kwenye kiti, wakadhani naumwa.

Walipotoka nilichungulia mwenyewe. Seli moja katikati kabisa, kromosomu zake zimetengana, kundi huku na kundi kule, hakuna iliyopotea njia. Kitu kizuri mno. Nimekifundisha miaka yote na leo kimenitisha.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwomba radhi Mama Mkubwa. Alikuwa anakuna nazi. Kasema, "Ulinikata maini, wewe." Halafu kaniachia mbuzi nimalizie kukuna. Yameisha, nadhani. Mama anakula kidogo sana.

Jumatatu, 26 Mei

Maabara wamepiga simu. Kesho nikachukue majibu. Leo nimesahihisha mtihani wa watu arobaini na sikumbuki hata jibu moja.

Jumanne, 27 Mei

Seli zilisomeka. Udongo haukuziharibu.

Saratani.

Nimesoma nimesimama pale mlangoni, watu wananipita. Imeandikwa seli zinagawanyika kwa wingi. Najua maana yake kuliko ninavyotaka kujua. Nimelia kwenye choo cha maabara, nikanawa, nikaenda kwa daktari. Kwa alivyopima, haionekani kusambaa. Titi liondolewe, kisha dawa za dripu. Kliniki yake ni Alhamisi, nimlete apangiwe siku ya kukatwa. Kasema tusikae.

Nimemwambia Mama ukweli wote. Sikutaka kumficha kama watu wanavyowaficha wagonjwa wao. Kasema tuzungumze baada ya Idi. Namjua. Baada ya Idi itakuwa baada ya mavuno ya Lindi, na baada ya mavuno itakuwa baada ya harusi ya mtu. Mama Mkubwa alitazama chini.

Sikubishana. Ningebishana na nini?

Jumatano, 28 Mei

Mvua imekatika. Nimerudi nikawakuta kwenye mkeka wanachambua mchicha. Mama akaniita nikae. Akataka nimwambie hasa ninachowafundisha wale watoto, hicho cha kugawanyika.

Nikamwambia. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Ndivyo nilivyokua tumboni mwake. Ndivyo mshono wake ulivyojifunga. Zikitosha, zinaacha. Zile za kwenye titi haziachi.

 Akauliza, "Nikilala, na zenyewe zinalala?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Hazilali."

Aliendelea na mchicha hadi fungu likaisha. Kisha akamwambia dada yake amtolee lile gauni la kijani sandukuni, na mimi nikaambiwa niwaarifu shule kwamba kesho sipo.

Mkuu wa shule hajajibu ujumbe. Gauni nimelipiga pasi, lipo mlangoni.